Shimo Shavuni mwa Mwanakondoo

8 Julai 1974, Jumatatu

Baridi ya Ilomba leo inauma masikio. Lakini mimi, Bujiku mwana wa Ngolo, darasa la sita kasoro kidogo, ndiye mtu wa mashine. Nani mwingine?

Mashine ni kuukuu ila Mbeya nzima sijaona ya pili. Ina mikono miwili iliyoungana. Mmoja una kidole cha chuma. Hicho kinapapasa kiolezo, yaani yule mwanakondoo wa kwanza ambaye Mzee Sedekia, fundi wetu, alimchonga kwa mkono wake. Mkono wa pili una jino linalozunguka kama limepagawa, linachonga kondoo yuleyule kwenye ubao mpya. Kidole kikipanda, jino linapanda. Kikizama, linazama. Mtoto angeweza. Isakwisa, mwanafunzi mwenzangu, sina hakika.

Kazi ni milango ya kanisa kule Iringa. Kondoo wote wametoka safi, bado ubao mmoja tu. Tunauanza kesho. Asubuhi miguu, alasiri kichwa. Asubuhi zamu yangu, alasiri ya Isakwisa. Nilichagua asubuhi ili alasiri nicheze mpira. Akili hizo!

Mzee kasema wanafunzi wawili ni wengi. Kazi ya Iringa ikiisha atabaki mmoja. Mwingine kwao. Kwetu Ubaruku hiyo maana yake kuamia ndege kwenye mpunga, kupiga debe na kupayuka toka alfajiri. Sirudi ng'o.

Jambo dogo. Jana watu wako kwenye sherehe za Saba Saba, nikakitoa kiolezo nje niwaringishie mabinti. Kikaniponyoka. Kipande cha shavu kikabanduka. Nimeziba kwa nta ya nyuki, nikapaka rangi ya viatu. Imeganda kama mfupa! Mzee kakipita kutwa, hajaona kitu. Mimi ni daktari wa kondoo.

10 Julai, Jumatano

Ubao wa jana una shimo shavuni. Dole gumba linaingia lote. Tukaanza mwingine leo. Shimo! Palepale! Na mara zote mbili ni zamu ya Isakwisa.

Mzee kashika kiuno. Mninga mkavu hauokotwi. Kalaumu umeme, ati unapungua jioni. Isakwisa kalaumu jino, ati limelegea, akalikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nikamwambia aliyezoea kukata mgomba asiguse mbao ngumu. Akajibu afadhali yeye, mimi kwetu hata ng'ombe wananikimbia. Jibu nililipata usiku lakini alikuwa keshalala.

11 Julai, Alhamisi

Uchunguzi mkubwa. Mzee kaniambia alfajiri nichonge kichwa peke yake kwenye kipande chakavu. Safi! Shavu kama la bibi harusi. Tukatia ubao mpya. Alasiri Isakwisa kakaa, kafika shavuni, shimo.

Nikamvuta Mzee pembeni. Nikamwambia mimi simsemi mtu. Ila asubuhi mashine nzima, alasiri mbovu, na hapo katikati kilichobadilika ni mtu. Mzee akamtazama Isakwisa akifagia. Anafagia vizuri yule. Nikaongeza kwamba labda ana wivu na mimi.

12 Julai, Ijumaa

Isakwisa kaambiwa arudi kwao Tukuyu. Hakubisha. Kakunja vitu vyake, kaniachia kinoo chake cha kunolea patasi, kasema ninoe taratibu, nina pupa.

Nimeshinda! Kitanda kizima changu.

Baadaye: blanketi lilikuwa lake. Nimejifunika gunia. Baridi haina adabu.

15 Julai, Jumatatu

Mashine yangu asubuhi mpaka jioni. Mpira nimeususa. Mchana nikaweka viazi juu ya mota kama kawaida. Mota iko juu tu ya kiolezo, na ikifanya kazi kutwa unaweza kukaangia yai. Nikala, nikapanda kichwani. Nikafika shavuni.

Kidole kikazama. Jino likazama nalo, ubao ukapiga yowe. Shimo! Mkononi mwangu mwenyewe!

Nikajua Isakwisa kaniloga. Nikagusa kiolezo kutafuta dawa alikoificha. Kidole changu kikaingia shavuni kama kwenye ugali wa moto.

Nta.

Asubuhi na baridi hii ni mfupa. Alasiri mota imeshaipasha, ni uji, na kidole kikitoka unajifumba wenyewe.

Nimekaa kwenye vumbi la mbao mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyeniloga. Mzee akaja, akaona shimo, akaniona mimi. Hakunipiga. Afadhali angepiga. Akasema polepole, "Kumbe nimemwonea mtoto wa watu." Akavua kofia, akaivaa tena. Kaniagiza kesho nikamrudishe.

Hapo ndipo pa kusema habari ya nta. Nikauliza basi la Tukuyu linaondoka saa ngapi.

16 Julai, Jumanne

Tukuyu mvua. Mama yake Isakwisa, Mama Sekela, kanikalisha karibu na moto. Kanipa ndizi za kupika na maziwa ya mgando. Kasema mwanawe tangu arudi hazungumzi, anashinda migombani peke yake, hata kula analazimishwa. Halafu kanishukuru kuja na mvua hii. Ati kumbe mtoto wa mbali anaweza kuwa ndugu.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Mdomo ulikuwa umejaa ndizi. Nilipomeza akaniongezea nyingine.

Kwenye basi Isakwisa kaniambia alijua tu kuwa nitamtetea kwa Mzee. Nikageukia dirisha. Migomba, ukungu, migomba. Nikamjibu hata yeye angenitetea. Akasema ndiyo, angenitetea.

Leo niko chini ya blanketi lake. Joto zuri. Usingizi hauji.

17 Julai, Jumatano

Mzee, ambaye bado analaumu umeme, kasema tutabaki wote wawili, ikiwa ubao wa kesho utatoka safi. Ndio wa mwisho, mninga umekwisha. Ukitoboka, Iringa wanapeleka kazi yao kwa fundi mwingine, na yeye hatakuwa na kazi ya kumpa hata mmoja wetu. Ili kumwomba radhi, kampa Isakwisa heshima ya kumaliza kichwa alasiri.

Nimeapa. Simfanyii Isakwisa ubaya tena maisha yangu yote. Na kiapo si maneno matupu. Leo nimeng'oa nta yote. Nta ni kitu cha kitoto! Sikutaka kumsumbua Mzee, ana mawazo mengi. Nimekwenda barabara kuu ya Iringa, nikabandua kipande cha lami pembeni. Malori yanaikanyaga usiku na mchana, haibonyei. Nikaiyeyusha kwenye kopo, moto kidogo tu ikawa uji, nikaijaza shavuni, nikaisugua mpaka ikang'aa.

Nimeigonga kwa kucha sasa hivi, baridi inauma. Jiwe tupu.

Isakwisa anakoroma, hajui kitu. Ni zawadi yangu kwake.