Miche 10,009 Isiyogawanyika

Umma wa Tukuyu unatangaziwa kwamba Kamati ya Mgawanyo Usio na Masazo, chini ya uenyekiti wangu mimi Ambindwile, imekamilisha uchunguzi wa namba 10,009.

Hiyo ndiyo idadi ya miche ya parachichi iliyoletwa kwa wakulima 139. Kanuni, tuliyoitunga wenyewe, inasema miche iliyo kwenye viriba vyake vya plastiki igawanywe sawa, usibaki hata mmoja. Tulianza kugawanya kwa mbili, ikakataa. Kwa tatu, ikakataa. Kila namba ilipewa mjadala wake, chai yake na maandazi yake.

Mwalimu Obed wa hisabati, mtu wa papara, alidai hiyo ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na ukishajaribu hadi mia moja unaweza kwenda nyumbani. Huo tuliuona ni uvivu. Tukaendelea. Tulipofika 139, kila mkulima alipata miche 72, ukabaki mmoja. Roho iliniuma kwelikweli. Tukafuta ubao.

Mama Tupokigwe, mkulima wa Msasani ya hapa hapa Tukuyu, alikuwa anakuja kila asubuhi na jembe lake.

"Mwenyekiti, nimechimba mashimo sabini na mawili. Mvua inakatika, miche imeanza kuwa ya njano. Si mtupe tu, huo mmoja mtajua wenyewe!"

"Mama, masuala ya kitaalamu hayaendi kwa jembe."

"Haya, ndaga, asanteni. Endeleeni na maandazi."

Tulipofika mia tatu, kamati iliridhika. Kwa kuwa namba inakubali kugawanywa kwa moja, mpokeaji lazima awe mmoja. Nilijiteua kwa masikitiko makubwa. Fuso likaja kubeba miche yote kwenda shambani kwangu Kiwira, na umati ukaja kunisindikiza kwa minong'ono.

Katibu wetu Elina akahesabu viriba kabla ya kupiga muhuri, kama utaratibu unavyotaka. Akahesabu tena.

"Mwenyekiti, viko 10,008."

"Mmoja umeibwa!"

"Nani aibe?" akasema Mama Tupokigwe. "Si huo hapo chini ya dirisha lako? Ulikuwa unakufa, nimeupanda. Haujatoka ofisini."

Mwalimu Obed hakuhitaji hata chaki. "Kugawanya kwa 139 ni 72 kamili. Hakibaki kitu."

"Kanuni ni kanuni," alisema Elina, na muhuri ukagonga karatasi kabla sijaomba kikao cha dharura.

Wakulima walishusha miche kutoka kwenye Fuso langu wakicheka waziwazi. Mama Tupokigwe aliniita nimtwishe tenga lake la kwanza. Nikamtwisha, mimi mwenyekiti, mbele za watu.

"Na ule wa dirishani?" nilimuuliza kwa unyonge.

"Ule ni wenu, baba. Mko watano kwenye kamati, gawaneni sawasawa."

Tumeshakaa vikao vinne.