Bahasha Kwenye Debe la Unga

Jumatatu, 2 Februari 2026

Digrii kumi na tano chini ya sifuri. Hita ya gari bado imekufa. Nimeendesha kutoka nyumbani Brooklyn Park, huku ughaibuni, hadi kazini na blanketi miguuni, nikikwangua barafu ya kioo kwa ndani kwa kadi ya maktaba. Fundi anataka dola mia tano. Nikimwandika binti yangu Nkirote kuwa mtegemezi kwenye fomu ya kodi, nitapunguziwa dola mia tano. Hesabu imekubali.

Wakati wa chai nimemweleza Wanjala, naye kaniuliza kama Nkirote ana kazi. (Wanjala tunahudumia wazee naye zamu moja. Gari lake lina joto hadi kwenye viti.) Nikasema anauza mikate wikendi, siku nyingine yuko chuo. Akatikisa kichwa. Pole mzee, akasema, mtoto akijaza kodi yake mwenyewe, baba humpati tena.

Jumanne, 3 Februari

Fomu ya mshahara ya Nkirote imekuja na posta. Bila hiyo hawezi kujaza kodi. Nimeiona mimi kwanza. Nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuizika chini kabisa ya debe la unga. Nkirote hajasonga ugali tangu 2019. Mahali salama.

Alhamisi, 5 Februari

Nkirote kaulizia bahasha. Nikamwambia kwa mshahara ule wa mikate halazimiki kujaza kitu. Ni kweli, nimehakikisha: hajafikia kiwango. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anajua halazimiki, ila kazini walimkata kodi ya dola mia mbili na kumi, na asipojaza hazirudi. Anazitaka za vitabu.

Nikahamia bili ya simu yake, kwamba ailipe mwenyewe. Nikamwambia ana miaka kumi na tisa, ni mtu mzima, na katika nyumba hii hakuna anayemtegemeza. Akanitazama kidogo. Akasema sawa, Baba.

Ushindi.

Jumamosi, 7 Februari

Kina mama wa maombi wamekuja. Mama Nkirote kawasongea ugali. Unga ulikuwa umepungua kuliko nilivyokadiria. Akauinua mfuko kwa vidole viwili mbele ya wageni, akauliza: Baba Nkirote, siku hizi posta inapitia huku? Nikasema naikinga na panya. Mmoja wao akauliza kama panya wetu wanajua kusoma.

Nkirote kapewa bahasha yake. Hakuifungua hata. Kaiacha mezani. Nadhani amekata tamaa.

Jumatatu, 9 Februari

Nimetuma fomu yangu kwa kompyuta alfajiri, kabla Nkirote hajaamka. Kabla ya chai jibu likaja: imekataliwa. Mtegemezi niliyemwandika amekwisha kujiandika mwenyewe.

Alipoamka akaeleza huku akipaka mkate siagi. Kazini kwao fomu zote ziko mtandaoni. Alijaza Ijumaa, kwa simu, ndani ya basi. Kulikuwa na swali: je, kuna mtu anayeweza kukuandika kuwa mtegemezi wake? Akajibu hakuna. Nikamuuliza nani kamwambia hakuna. Akasema wewe, Alhamisi.

Mama Nkirote katoka jikoni ili acheke vizuri.

Jumamosi, 14 Februari

Maktaba, kwa Chepkemoi, anayejitolea kusaidia watu na kodi. Nkirote kakataa kupanda gari langu. Kaja na basi na kufika kabla yangu.

Chepkemoi kaeleza polepole, akinitazama mimi tu. Mtoto kujaza kodi hakumnyimi baba chochote. Angekubali tu kwamba baba anaweza kumwandika, naye angepata mia mbili na kumi zake, na mimi mia tano zangu. Kilichoharibu ni lile jibu moja. Sasa Nkirote arekebishe fomu yake, mimi niitume yangu kwa posta, tusubiri. Nikauliza hadi lini. Akasema huenda Mei. Nikauliza Mei, baridi imekwisha, hita ni ya nini.

Nkirote atarekebisha kwa sharti moja: niandike kwa mkono kwamba ananitegemea. Nimeandika hapohapo. Chakula, chumba, simu. Nimetia sahihi. Tulipofika nyumbani Nkirote kaibandika karatasi kwenye friji.

Jumatatu, 16 Februari

Wanjala anasema sikumsikiliza hadi mwisho. Eti alisema mtoto akijaza vibaya. Kijana wake kajaza vizuri na wote wawili wamekwisha kulipwa. Kaniambia hayo akiwa ndani ya gari lake, kavaa shati la mikono mifupi.

Jioni bili ya simu imekuja. Nimemwonyesha Nkirote. Kanyoosha kidole kwenye friji bila kuinua kichwa.

Nimekaa na kalamu nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Unga hutumika kila siku. Mwakani bahasha nitaificha kwenye gari, chini ya blanketi. Kwa baridi ile, hakuna mwingine atakayeingia humo.