Sura Yangu Katika Filamu ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mume wangu kaondoka kwenda gereji. Kageuka mlangoni kunitazama, kisha akageuka tena. Nimeyeyuka. Ndoa tamu, jamani.

Habari kubwa: wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anayekaa nasi kwa ajili ya shule, anatengeneza filamu ya kuchekesha na wenzake wa kidato cha tatu. Wanamfuata yeye mwenyewe kwa simu yake, kama wanavyofuatwa wanyama wa porini, huku rafiki yake akisimulia kwa sauti nzito ya mtaalamu. Kijana anaamka. Kijana anatafuta soksi. Kijana kafungua friji, hakuna kitu, kafunga, kafungua tena. Ijumaa itaonyeshwa ukumbini, shule nzima ikitazama. Hajawahi kukabidhiwa jambo kubwa kama hili.

Hadi juzi alikuwa ananiita "mke wa kaka", kama cheo cha ofisini. Leo kaniita wifi! Akaniomba kitu kimoja tu: wakirekodi, nipite kama kawaida, nisifanye lolote.

Nimekubali kwa moyo wote.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafakari. Nani atamtazama msichana akitafuta soksi? Mapenzi yako wapi?

Nikavaa gauni la fungate, nikaosha vyombo nyuma yake, nikitazama dirishani kama mtu anayemsubiri mpenzi. Wifi kanivuta kando, kauliza kama siku zote huwa naosha masufuria na hereni hizo. Nikamjibu kwamba mwanamke anayependwa hana siku ya kawaida. Yule wa sauti nzito akanieleza kwa upole kwamba filamu inachekesha kwa sababu hakuna kinachotokea.

Watoto. Bado hawajapenda.

Jumatano, 5 Machi
Mpango: mume wangu aingie na maua. Kasema yeye ni fundi magari, si mwigizaji. Nikamtazama. Akakubali.

Wifi alikuwa bafuni, simu yake iko kwenye chaji. Nikarekodi. Mpenzi wangu kaingia na maua kayashika kama spana. Tukarudia. Tukarudia tena. Simu ikagoma, eti imejaa. Nikafuta visivyo na maana: soksi, friji, kijana akitazama ukuta. Mume wangu kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia humo hakuna kinachotokea, hata wao wenyewe wamekiri.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alikaa kwenye kochi, simu mapajani, akauliza polepole:

"Hata ya friji?"

Hata ya friji.

"Ile ndiyo ilikuwa filamu yenyewe, mke wa kaka."

Mke wa kaka. Nimelia kwenye ovaroli ya mume wangu. Inanuka grisi. Nampenda.

Wifi na wenzake walipokuwa shuleni niliona dawa: nivae sare yake ya akiba, nirekodiwe mgongo tu, nikifungua friji. Zipu ya sketi iligoma katikati. Nikaishawishi. Ikapasuka mpaka chini. Kumbe ndiyo aliyoipiga pasi kwa ajili ya kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Tulikaa safu ya nyuma, mimi na mume wangu. Wifi alivaa sketi niliyoishona kwa mkono. Mshono ulionekana kutoka mbali.

Walitumia kilichobaki, yaani mimi. Sauti nzito ikatangaza kwamba kijana huyu anaishi jirani na jike lililoolewa karibuni. Tazameni manyoya yake. Sasa dume linarudi na majani. Halijui ni ya nini.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Walimu walifuta machozi. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Wifi akaitwa jukwaani, akapigiwa makofi, akainama vizuri. Lakini mimi nilikuwa namtazama yeye, si ukumbi. Hakucheka hata kidogo. Filamu ya maisha yake, na yeye mwenyewe hamo.

Jioni kafunga begi. Anahamia kwa shangazi mpaka mitihani iishe. Nilimsaidia kukunja nguo. Hakunizuia. Hakuniita chochote.

Jumapili, 9 Machi
Chumba chake kimetulia mno. Nimefagia pasipo na uchafu. Mume wangu hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Laiti ningepita tu, na kanga yangu, nikaenda zangu.

Mchana wifi kapiga simu! Kasema atakuja kula nasi Jumapili ijayo. Kisha akaongeza:

"Ila tule tu, wifi. Tukae. Usiandae kitu chochote."

Wifi. Nimemwahidi huku machozi yananitoka. Mume wangu akauliza kama nimesikia vizuri. Nimesikia kila neno. Tutakula, tutakaa, basi.

Mpiga picha atakuja Jumapili hiyo saa sita. Atajificha nyuma ya pazia, ili tuonekane kawaida.