Akibaki Mteja Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Karani wa makumbusho kapita leo. Wanaandaa maonyesho ya kazi zilizotoweka. Fundi mmoja atakalishwa kitini wiki mbili, atazamwe na watu. Watu! Tangu mke wangu afariki, anayenisemesha ni redio tu. Nikajitaja haraka: fundi wa taipureta, nimetoweka kitambo. Nilidhani neno ni jepesi. Funguo hutoweka, waume za watu hutoweka. Karani akanisahihisha: "Mzee, kutoweka si mchezo. Akibaki mteja hata mmoja, wewe ni adimu tu."

Fundi saa wa ng'ambo ya barabara naye kajiandikisha. Kiherehere!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Baada ya miaka minne, mteja! Mama mjane, na taipureta ya marehemu mumewe kaifunga kwenye shuka. Herufi M imekwama. Akaomba akae pembeni nikiitengeneza, maana kwake kumekuwa kimya mno. Nilishavuta kiti cha mke wangu, nikakumbuka karani anakuja Ijumaa kukagua. Nikamwambia mama kwamba mafundi wa taipureta tumetoweka wote, ajaribu kwa fundi saa. Mteja katoka kwangu, kaingia kwake. Akili hizo!

Ijumaa, 7 Machi
Karani kakuta meza yangu imejaa vumbi (nimelimwaga mwenyewe). Kwa fundi saa kamkuta mama, taipureta na birika la chai. Kamfuta fundi saa kwenye orodha papo hapo. Kiti ni changu! Ajabu, fundi saa hakununa, alikuwa anacheka. Imenikera mpaka sasa.

Jumanne, 11 Machi
Siku ya kwanza kitini. Mbele yangu kamba na kibao: KAZI ILIYOTOWEKA. USIZUNGUMZE NA MAONYESHO. Wageni arobaini, salamu hata moja sikupata.

Alasiri wakaja mama na fundi saa. M imekwama tena, fundi saa kaiharibu zaidi. Mama akainama juu ya kamba, akanong'ona: "Fundi, kweli huwezi? Ukitoka hapa, karibu kwangu tule pamoja."

Nilitamani sana. Lakini karani alikuwa ananitazama. Nikakodolea ukuta macho, nikatoweka barabara.

Wakaondoka wakibishana juu ya skrubu. Mimi nimerudi nyumbani, nimewasha redio. Maskini fundi saa. Bado ni adimu tu.