Kamba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nafasi ya fomeni wa umeme katika kiwanda cha chai imebaki wazi. Ni yangu! Miaka tisa naingoja. Tatizo ni Bosire, jirani yangu hapa kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Anajua umeme na, mbaya zaidi, anasikiliza watu. Injinia Chepchumba amesema Jumamosi atapita kuona taa yangu ya upepo. Taa yenyewe: dinamo ya lori, mabawa ya mabati, nguzo nyuma ya jikoni. Upepo ukipungua, inafifia. Ukizidi, balbu inapasuka. Nimebaki na balbu moja.

Jumanne, 6 Agosti
Dawa imepatikana! Iko kwenye jarida ambalo Injinia alikuwa analitupa. Inaitwa sliding mode. Wenzetu wa ng'ambo wanachora mstari. Mshale wa mita ukiupita, wanafunga breki yote. Ukishuka, wanaachilia yote. Hakuna katikati, hakuna kubembeleza. Nimechora mstari kwenye volti kumi na mbili kwa kutex, rangi ya kucha ya mke wangu Dolphine. Breki ni akala langu la kushoto, kiatu cha tairi, linavutwa kwa kamba libane mhimili wa mabawa. Jarida linaonya kwamba adui wa njia hii ni chattering. Kamusi inasema: kupiga porojo. Basi mvuta kamba asiwe mtu wa maneno.

Alhamisi, 8 Agosti
Nani hapigi porojo na mimi? Mama mkwe! Yuko hapa tangu Jumapili, na kwa heshima hatutazamani wala hatuongei. Isitoshe, yeye pia hana katikati: kwake chai ya Dolphine ni maji au ni lami. Amekubali, kupitia Dolphine. Atakaa jikoni na kamba, mimi sebuleni na mita, ukuta kati yetu. Kichwa changu kinafanya kazi!

Ijumaa, 9 Agosti
Jaribio. Mshale ukapanda. Siwezi kumfokea mama mkwe. Nikamwambia Dolphine. Dolphine akamwomba mamake, tafadhali, kama hana shughuli, avute kidogo. Akavuta kabisa. Upepo ulikuwa umeshakufa. Nikaomba aachilie. Ombi likifika, upepo umerudi. Vuta, achilia, vuta, achilia! Akala gege-gege, vikombe gege-gege, meno yangu gege-gege. Bosire akachungulia dirishani, akasema kutetemeka huko ndiko jarida linakokuita chattering. Eti nichore mstari mnene, mama apumzike mshale ukiwa ndani yake, tena mita nimpe yeye mwenyewe. Wivu tu! Kosa liko wazi: Dolphine ana maneno mengi. Nimepiga marufuku neno tafadhali.

Jumamosi, 10 Agosti
Injinia alifika saa tisa, mvua ya mawe ikinukia. Upepo! Mshale juu! Dolphine, bila tafadhali, akapaza sauti: vuta! Mama mkwe akaiacha kamba, akauliza ni lini alizaa binti wa kumwamrisha, akatoka nje. Balbu ikapasuka. Bawa moja likaruka hadi kwenye shamba la chai. Akala likatua miguuni pa Injinia. Aliliokota, akanikabidhi kwa mikono miwili, akauliza nyumba ya Bosire ni ipi. Nilitamani kulia.

Jumapili, 11 Agosti
Bosire ni fomeni. Kanisani alinipungia mkono, nikatazama kitabu cha nyimbo. Mama mkwe amekwenda kwao asubuhi bila kumaliza chai.
Nimetafakari sana na ninakubali kosa. Nilitumia mama mkwe mmoja. Mtambo huu unahitaji wawili, breki mbili! Nimemwambia Dolphine akamtulize mamake, na mama akirudi aje na dada yake. Dolphine hajanijibu. Hakuna porojo, vizuri sana. Akala la kulia nimeshalifunga kwenye nguzo. Kesho kazini nitaenda nimevaa gambuti.