Pumu Yangu, Moyo Wangu na Kiti cha Shemeji

Jumatatu, tarehe 4

Namshukuru Mungu kwa pumu. Wengine wamejaliwa sauti, wengine mashamba, mimi nimejaliwa kifua. Leo nimekitumia.

Bekari yetu, ukiacha ofisi ya bosi, ina sehemu mbili. Nyuma kuna tanuri, magunia ya unga na mimi. Mbele kuna dirisha la kuuzia mikate, upepo, kiti chenye mto, na juu ya mto huo shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kazi yake ni kupokea pesa na kutabasamu. Na kutabasamu kwenyewe anajivuta!

Mpango: nishikwe na pumu bosi akipita, anihurumie, kiti kiwe changu. Bosi akapita. Nikaangusha gunia, nikashika koo, nikapiga filimbi ya kifua. Safi kabisa! Bosi akasema pole, ninywe maji. Shemeji akachungulia kutoka dirishani akasema nimekosea. Eti filimbi ya pumu husikika zaidi mtu akitoa pumzi, na mimi nimeipiga nikivuta. Tena sikutanguliza kikohozi. Tunaishi nyumba moja, ukuta kwa ukuta, kifua changu anakijua kuliko redio yake.

Mtu gani anamkosoa mgonjwa?

Jumanne, tarehe 5

Mazoezi, stoo ya unga. Kikohozi kwanza. Kuinama mbele, mikono magotini. Filimbi wakati wa kutoa pumzi. Nilikolea hadi nikasahau nimezungukwa na vumbi la unga. Pumu ya kweli ikaja! Kifua kikabana, kikohozi juu ya kikohozi, filimbi kama birika linalochemka. Nikakaa wima, nikavuta dawa kwenye ile pampu yangu ya buluu, nikavuta tena. Taratibu kifua kikafunguka. Ah, raha! Naishukuru sana pampu.

Ila hakuna aliyeniona. Shambulio zima limekwenda bure.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba kaka yake ana roho mbaya. Akajibu kwamba pampu niliyonayo mfukoni kaka yake ndiye aliyeinunua, baada ya kuona ile ya zamani imekaribia kuisha. Nikasema hiyo ni mbinu. Halafu nikamshukuru kimoyomoyo, mtu asisikie.

Alhamisi, tarehe 7

Siku mbaya. Nimepanda ngazi za stoo na gunia begani, kifua kikawa kizito. Taya nayo ikauma. Nikakaa chini, vyote vikaacha. Nikapanda tena, vikarudi. Kikohozi hakuna, filimbi hakuna. Sikumwambia mtu. Ugonjwa usio na sauti utamsaidia nani?

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nikiwa kitandani, hospitali. Niko hai! Nimeandika tena ili nihakikishe: niko hai.

Jana asubuhi bosi alisimama mlangoni kabisa, ananitazama. Bahati iliyoje! Nikainua gunia, kikohozi tayari kimekaa kooni. Ndipo kitu kikanikandamiza kifuani, kama nimelaliwa na magunia yote ya stoo. Maumivu yakateremka mkono wa kushoto, yakapanda tayani. Jasho la baridi likanitoka mgongo mzima. Kichefuchefu. Nikavuta pampu. Wapi! Nikavuta tena. Wapi! Hata filimbi ya kuigiza ikagoma.

Bosi alikuwa anacheka. Akasema safari hii nimejitahidi. Nilitaka kumwambia kwamba leo ni kweli, sikuwa na pumzi ya kusemea. Niliogopa sana. Nilimfikiria mke wangu, nikaona sikumuaga vizuri asubuhi.

Shemeji akaja mbio, ameacha dirisha wazi na wateja kwenye foleni. Akaweka sikio mgongoni kwangu. Akapaza sauti kwamba huyu haigizi, angekuwa anaigiza tungesikia filimbi hadi barabarani. Kifua kimya, pampu imeshindwa, jasho la baridi, uso umepauka: huo ni moyo. Bosi akasema labda ni pumu tu, nipumzike kidogo kwanza. Shemeji akakataa katakata. Gari la wagonjwa tuliambiwa liko mbali, hivyo nikapakiwa kwenye gari la mikate. Njia nzima alinishikilia katikati ya trei, akiniambia shemeji nitazame, shemeji usiniache.

Daktari anasema mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Wakapitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, wakauzibua. Tungekaa kusubiri pumu ipoe, leo nisingekuwepo kumshukuru mtu. Akanieleza kwamba pumu mara nyingi huja na kikohozi na filimbi, vumbi huichokoza, pampu huituliza. Moyo hukandamiza kifua, maumivu huenda mkononi, mgongoni au tayani, na jasho la baridi na kichefuchefu. Akaonya kwamba si kila moyo una adabu ya kufuata mpangilio huo. Mwingine hukukatia pumzi tu, basi. Ukiwa na shaka usibahatishe, omba msaada papo hapo.

Nikamwomba arudie polepole. Akafurahi kupata mgonjwa msikivu.

Jumatatu, tarehe 11

Shemeji amekuja. Amemwambia bosi kwamba nikirudi kazini nikae dirishani, magunia atabeba yeye. Hakuombwa na mtu! Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Nikalia. Mke wangu akalia. Muuguzi akaja kuuliza kuna nini, tukazidi kulia. Nimemwonea kijicho mtu huyu miaka yote, kumbe masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakinilinda.

Jumapili, tarehe 24

Nyumbani. Nashukuru kwa dawa, kwa shuka, kwa kila kitu. Kiti kinanisubiri.

Nimekifikiria vizuri kiti hicho, lakini. Mchana jua hulipiga lile dirisha moja kwa moja. Ofisi ya bosi ina feni na kochi. Kwa pumu bosi hatanipa kochi, pumu ameshaizoea. Nikasimama mbele ya kioo. Mkono kifuani. Taya nimeikaza. Maji kidogo kwenye paji la uso. Kimya kabisa, kitaalamu.

Mke wangu akapita, akaona, akapiga yowe. Shemeji akatokea bafuni kwake, taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani, miguu mitupu, machozi yanamtiririka. Kabla sijafungua mdomo alishanibeba, tumefika kwenye geti.

Hakuna mtu aliyewahi kunipenda namna hii. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, huu uliozibuliwa. Kisha nikamwuliza, kwa nia njema tu, kama jasho lilionekana la kweli.