Kuhusu Mpango wa Kukandika Ukuta Wenye Buibui

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwako hapa hapa.

Kwako Dani, Nyar Karungu, bibi yangu na mwenye nyumba,

Nakuandikia ingawa tumetenganishwa na ukuta tu, kwa sababu kila nikianza kukueleza ana kwa ana unanipa ufagio. Baba mdogo Ochuka atakusomea. Naomba asiongeze maneno yake.

Napinga, kwa heshima zote, mpango wa kukandika ukuta huu Jumamosi. Ukuta huu una wapangaji: wale buibui wadogo warukao, wenye uso mwekundu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Buibui hawa hawali ovyo. Wadudu wa ziwa wakiingia kama moshi, wao huwatazama tu. Wanachotaka ni mbu aliyekwisha kunywa damu. Sasa chandarua ulichonifungia kinawalaza njaa mbu, na buibui pia.

2. Kitabu changu cha shule kinasema huvutwa na harufu ya miguu ya watu. Soksi zangu hazikuwa uchafu, Dani, zilikuwa mwaliko. Ulizifua bila kuniuliza.

3. Adui zao ni mjusi, kuku na nyigu wa udongo. Huyu wa mwisho humchoma buibui akapooza, kisha humfungia, angali hai, ndani ya kijumba cha tope awe chakula cha wanawe. Na tope analitoa wapi? Kwenye ukuta wako mbichi. Sisemi mnashirikiana. Nasema tu kwamba kila ukikandika, yeye hujenga.

4. Uliwaambia wenzako walioleta samadi ya kukandikia: "Adoyo akitaka kuolewa na ukuta aseme mapema, tujue huo ukuta utaleta ng'ombe wangapi." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikuwa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo naomba ukuta uachwe, jogoo afungwe, na baba mdogo, ambaye mbu humpenda kuliko sisi sote, alale humu bila chandarua na bila kuoga, miguu ikielekea ukutani. Ni kwa faida ya ukoo mzima.

Wasalimie wote walioko jikoni, na ng'ombe pia. Hata jogoo, ingawa hatusemezani.

Mjukuu wako mtiifu,
Risper Adoyo

Nyongeza: Nilipokuwa natia sahihi, buibui mmoja aliruka akatua karatasini. Nilimpiga kwa kandambili kabla sijakumbuka niko upande wa nani. Doa jekundu kando ya jina langu si wino. Ni damu ya mbu aliyemla, na nadhani ni yangu. Malalamiko nayaondoa; Jumamosi nitakanda udongo mwenyewe.